Vidole Kumi na Sweta Moja

Mimi ni mtu wa mistari. Nikiona mstari umepinda, roho yangu nayo inapinda. Kwa fundi wa cherehani hiyo ni faida, na mimi ni fundi, nina kibanda changu hapa Kitale kando ya soko. Lakini kwa mtu aliyepewa watoto thelathini na wanne awafundishe kucheza kanisani, hiyo ni balaa.

Watoto wenyewe ni wale wanaomtangulia padre kwenye maandamano ya kuingia, wakacheza tena wakati wa Utukufu na wakati wa matoleo. Niliwafundisha kwa miaka kumi na saba bila malipo, na gauni zao za kitenge cha manjano nilizishona kwa mkono wangu. Mapadre walikuja wakahamishwa, wenyeviti wa parokia walichaguliwa wakang'olewa, mimi nikabaki na watoto wangu. Nasema wangu kwa makusudi. Sikujaliwa kuzaa, na sikulilia jambo hilo sana, kwa sababu kila Jumapili nilikuwa na thelathini na wanne.

Siku hizo adui yangu mkubwa alikuwa sweta. Ilikuwa sweta ya rangi ya damu ya mzee, imeraruka mfukoni, na mwenyewe alikuwa msichana wa miaka minane ambaye, nisiseme uongo, ndiye aliyecheza vizuri kuliko wote. Anavaa gauni ya manjano niliyoipiga pasi mimi, halafu juu yake anavaa ile sweta. Asubuhi ya Kitale ni ya baridi, hilo sikatai. Lakini saa nne jua linawaka, wenzake wanatoka jasho, na yeye bado amejifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Nikimwambia avue, anavua. Nikigeuka nirekebishe mstari wa nyuma, nikirudi, ameivaa tena.

"Wewe unaumwa?" nilimwuliza siku moja.

"Hapana, mwalimu."

"Si basi uache hiyo kitu nyumbani?"

Aliangalia viatu vyake. Nikamweka katikati ya mstari, ili sweta isionekane sana.

Basi Jumapili moja padre akatangaza kwamba kila anayefanya kazi na watoto parokiani, awe wa kwaya, wa katekisimu, wa kucheza au wa kupiga kengele, atahudhuria mafunzo ya kulinda watoto, Jumamosi tatu mfululizo. Baada ya hapo atajaza fomu, alete cheti cha tabia njema kutoka polisi, na barua mbili za watu wanaomjua. Asiyekamilisha hayo kabla ya siku iliyowekwa hatasimama mbele ya mtoto yeyote. Padre alilisema hilo taratibu, halafu akalirudia.

Nilichukia. Miaka kumi na saba, halafu niambiwe nilete cheti kwamba mimi si mtu mbaya! Nilitoka kanisani nimefura, na chakula cha mchana sikukionja. Lakini nilipofikiria mtu mwingine akisimama mbele ya watoto wangu akihesabu moja, mbili, geuka, nikaenda kujiandikisha wa kwanza.

Mwalimu wa mafunzo alikuwa Sista kijana, mfupi, mwenye sauti ya chini na kompyuta iliyokataa kuwaka. Siku ya kwanza stima ilipotea kabla hajaonyesha picha hata moja, akachukua chaki akaendelea. Mzee mmoja wa kwaya akainua mkono.

"Sista, mimi nimezaa tisa, na wajukuu siwezi kuwahesabu. Sasa wewe utanifundisha nini juu ya watoto, bana?"

"Mjukuu wako wa mwisho anaogopa nini, mzee?"

Mzee alifikiri mpaka chai ikaletwa. Alikunywa chai yake, na Jumamosi iliyofuata alikuja na daftari.

Tulifundishwa mengi. Kwamba watu wazima wawe wawili na mlango uwe wazi. Kwamba usimbebe mtoto mmoja peke yake kwa bodaboda hata kama njia ni moja. Kwamba usimwambie mtoto kamwe, hii ni siri yetu mimi na wewe. Kwamba mtoto akikuletea jambo zito umsikilize, usimhoji kama polisi, usimwahidi kunyamaza, na siku hiyo hiyo umwambie anayehusika. Tukaigiza. Mzee wa kwaya akawa mtoto wa miaka saba, mimi nikawa mtu mzima anayesikiliza. Aliketi kwenye kiti kidogo cha nasari, magoti yamefika kifuani, akaniambia kwa sauti nyembamba kwamba kuna mtu anamsumbua. Watu walicheka mpaka wakafuta macho. Sista hakucheka. Aliniambia nimeuliza maswali tisa katika dakika mbili, na kwamba mtoto angekuwa ameshakimbia.

Jumamosi ya tatu tulipewa mtihani. Swali la nne lilisema: taja mambo matano ambayo mtu mzima anaweza kufanya yakamuumiza mtoto mwilini. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: kumchapa, kumchoma, kumnyima chakula, kumfanyisha kazi ya kumzidi nguvu, kumfinya. Nikapata alama zote tano. Swali la mwisho liliuliza: wewe mwenyewe hutumia adhabu gani? Nikaandika: hakuna.

Na sikuwa nadanganya, au sikujua kwamba nadanganya. Mtoto akipinda mstari, mimi nilikuwa napita nyuma yake kimya, namshika hapa juu ya kiwiko kwa kidole gumba na kidole cha shahada, nazungusha kidogo kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa. Mstari unanyooka. Hiyo sikuiita adhabu hata siku moja. Niliiita kumkumbusha.

Nikaenda polisi kuchukuliwa alama za vidole. Ofisa kijana akavishika vidole vyangu kimoja baada ya kingine, anavipaka wino, anavibingirisha kwenye karatasi.

"Mama, legeza mkono."

"Si nimelegeza?"

"Ati umelegeza? Hiki kidole ni msumari, mama."

Baada ya wiki kadhaa cheti kikatoka. Vidole vyangu vyote kumi vilikuwa vimechunguzwa na Serikali ya Kenya na havikuonekana na kosa lolote. Niliwaonyesha majirani wote wa pale sokoni, hata muuza viazi ambaye hakuniuliza.

Zikabaki barua. Ya kwanza ilikuwa rahisi, ilitoka kwa mwenyekiti wa jumuiya yangu. Ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Fomu ilisema iandikwe na mtu mwenye heshima zake, anayekujua tangu kabla hujahamia parokia hii, na asiwe ndugu yako kwa damu wala kwa ndoa. Nadhani aliyeitunga hajawahi kuishi Bungoma.

Mimi nilizaliwa huko huko Bungoma, upande wa Chwele. Nikapanga safari, na kituo cha kwanza kilikuwa nyumbani kwa mwalimu mkuu wangu wa shule ya msingi, sasa mstaafu. Nilimbebea sukari na majani ya chai. Nilimkuta amerudi kutoka sokoni na kamba mpya ya ng'ombe begani, akanikaribisha kwa furaha kubwa.

"Kalibu, kalibu! Keti hapa. Nilikufundisha, sura naikumbuka. Kwenu ni wapi vile? Ukoo wenu ni gani?"

Hapo ndipo nilipokosea. Mtu mwenye akili angetoa fomu kwanza, salamu baadaye. Lakini mimi nimelelewa, na kwetu huwezi kuulizwa ukoo ukajifanya kiziwi. Nikautaja. Mzee akasimama wima, kamba ikaanguka.

"Mayi!" akasema. "Wewe ni mama yangu kabisa! Huo ndio ukoo uliomzaa mama yangu!"

Kwa hesabu za kwetu, mwanamke wa ukoo wa mama yako ni mama yako, hata kama wewe una miaka sabini na nne na yeye ulimfundisha kusoma. Alimwita mkewe aje aone mama mkwe wake. Nikatoa fomu hata hivyo. Aliisoma yote, pamoja na maandishi madogo ya chini, akatikisa kichwa.

"Hii ni karatasi ya kanisa, siwezi kuandika uongo. Na mtoto anaweza kumwandikia mama yake barua ya tabia? Niseme nini, ati ulininyonyesha vizuri?"

"Si miaka yote ile shuleni hatukuwa ndugu?"

"Tulikuwa ndugu, ni vile hatukuulizana."

Kisha akanikumbusha kwamba mtoto akimpata mama yake wa ukoo hatoki mikono mitupu, na akafurahi sana kusikia mimi ni fundi wa nguo. Nikatoka pale bila barua, nikiwa na vipimo vya shati la mwanangu wa miaka sabini na nne.

Kwingine kulikuwa vilevile. Katekista wa zamani alikuwa amemwoa binamu ya baba yangu. Mwenye posho mill ya kusaga mahindi, dada yake aliolewa kwetu. Hata kinyozi, ambaye nilimtegemea kwa sababu hakupendwa na mtu, alikuwa wa damu. Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimepata ndugu wapya wanne na barua sina. Mwenye bodaboda aliyekuwa akinizungusha alinihurumia.

"Mama, si uandike hiyo balua mwenyewe, mimi niweke sahihi?"

"Na wewe ni wa ukoo gani?"

Alipoutaja nilicheka mpaka nikashika tumbo. Alikuwa mjomba wangu.

Ndipo nikamkumbuka mama fundi. Nilipomaliza shule, nikiwa na miaka kumi na saba, nilipelekwa Bungoma mjini kujifunza kushona kwa mama mmoja Mwislamu, mwenye duka karibu na msikiti. Watu wake walitoka mbali, wengine Pwani, wengine sijui wapi, na hata mababu zetu wote wangefufuliwa wasingepata uzi wa kutuunganisha. Nilikaa kwake miaka mitatu. Nikampigia Sista simu kumwuliza kama barua ya Mwislamu itakubaliwa.

"Anakujua?" akauliza.

"Ananijua sana."

"Basi huyo ndiye."

Nilimkuta barazani, amezeeka, cherehani ile ile mbele yake, ingawa macho hayaoni tena tundu la sindano. Alinishika uso kwa mikono miwili akamshukuru Mungu. Binti yake akaleta chai. Huyu binti alikuwa na miaka sita nilipofika kwao mara ya kwanza, na kazi yangu nyingine, mbali na kushona, ilikuwa kumlea: kumwogesha, kumlisha, kumpeleka chuo cha Kurani na kumrudisha. Sasa ni mwanamke mzima, mwenye watoto wake, na ndiye anayeendesha duka.

"Mimi sioni kuandika," mama fundi alisema. "Nitasema, huyu ataandika. Lakini ujue, mwanangu, huu ni ushahidi. Ushahidi sitoi nusu."

"Toa wote, mama," nikasema, nikinywa chai kwa raha zangu.

Akaanza, na binti akaandika. Kwamba amenijua tangu msichana. Kwamba si mwizi, na funguo za duka nilikaa nazo mimi. Kwamba mita ya kitambaa kwangu ilikuwa mita, si mita kasoro vidole vinne. Kwamba sina mdomo wa kupeleka habari za nyumba nje. Nilikuwa naona fomu yangu inakamilika mbele ya macho yangu. Mama alipotaka sahihi yake iwekwe, kalamu ikasimama.

"Mama," binti akasema bila kuinua uso, "na kufinya?"

Mama fundi akageuza kichwa. "Kufinya gani?"

"Alikuwa ananifinya. Hapa." Akagusa mkono wake juu ya kiwiko. "Nikichelewa kutembea. Nikimwaga uji."

Nikacheka, kile kicheko cha kutafuta njia. "Ai, dada yangu, si tulikuwa watoto?"

"Wewe ulikuwa na kumi na saba. Mimi nilikuwa na sita." Hakusema kwa hasira, ingekuwa afadhali. "Nilikuwa navaa sweta. Nikijua siku hiyo ni wewe unanipeleka chuo, navaa sweta, isifike kwenye ngozi."

"Na jua lile la Bungoma," mama fundi akasema polepole. "Mimi nilidhani ni malaria. Nilikununulia dawa za malaria, mwanangu, ukazinywa."

"Nilizinywa."

"Andika," mama akasema.

Binti akaandika. Akanipa barua imefungwa ndani ya bahasha, akanijazia na kikombe cha chai kingine, maana kwao mgeni ni mgeni. Sikukinywa. Sikuwa nikimfikiria yeye tena. Nilikuwa nikiifikiria sweta ya rangi ya damu ya mzee, iliyofungwa vifungo mpaka shingoni saa nne ya jua, na msichana anayeangalia viatu vyake.

Nilirudi Kitale na ile bahasha kwenye mkoba. Nitasema ukweli: siku mbili nilikuwa natafuta namna ya kuipoteza. Ningeweza kusema imelowa mvua. Ningeweza kumrudia mjomba wangu wa bodaboda. Nilikasirika pia, nikamkasirikia binti wa watu kwa kukumbuka, eti miaka thelathini mtu anakumbuka kufinywa! Nilikuwa kibandani nikikata kola ya shati la yule mzee wa Chwele nilipojikuta naangalia vidole vyangu viwili vilivyoshika kitambaa, gumba na shahada. Nikaweka mkasi chini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya padre yeyote kwenye kitubio, kwa sababu dhambi hii sikuwahi hata kuipeleka huko.

Kamati ya kulinda watoto ilikaa katika chumba kidogo cha parokia, mlango wazi kama tulivyofundishwa. Sista akafungua bahasha akaisoma kwa sauti. Kwenye funguo na mita ya kitambaa watu walitabasamu. Kwenye kufinya mzee wa kwaya, ambaye sasa alikuwa mjumbe, alikohoa.

"Haya ni mambo ya zamani," akasema ili kunisaidia. "Sisi wote tulifinywa, na tumekua."

Nilijua hapo mlango umefunguliwa. Nikiitikia kwa kichwa tu, natoka nikiwa bado na watoto wangu.

"Ni kweli?" Sista akaniuliza.

"Ni kweli," nikasema. "Na si ya zamani. Jumamosi iliyopita, kabla ya safari ya barua hii, nilifinya wanne."

Waliniambia nisimame kando mpaka Majilio, zile wiki za kuelekea Krismasi. Nisifundishe, nisishike mstari. Baada ya hapo wataangalia upya, na nikirudi nitakuwa wa pili, chini ya mtu mwingine. Nikasema asante, nikaenda nyumbani, nikafunga mlango nikalia hadi nikachoka.

Watoto walipewa mama mmoja wa kwaya, mtu wa kucheka ovyo. Jumapili ya kwanza niliketi benchi la nyuma kabisa. Mstari ulikuwa aibu tupu. Wa kushoto walitangulia, wa kulia walichelewa, wawili waligongana mbele ya altare na mama wa kwaya akacheka nao. Nikamtafuta yule wangu wa katikati. Sikumwona mara moja kwa sababu nilikuwa natafuta sweta. Alikuwa na gauni ya manjano peke yake, mikono mitupu, anairusha juu hadi vidole vinafunguka. Sikuwahi kuiona mikono yake ikifika huko. Niliona wivu, halafu aibu, halafu nikapiga magoti ili watu wadhani nasali.

Majilio yalipofika kamati iliniruhusu. Jumamosi hiyo wazazi waliitwa, mama wa kwaya akasimama kando yangu, na mimi nikasema mbele ya wote.

"Nilikuwa nawafinya. Ni makosa. Naomba mnisamehe. Nikifinya mtu tena, semeni kwa huyu mama, kwa Sista na kwa wazazi wenu, na mimi nitaondoka."

Walitazamana. Mmoja mdogo wa mstari wa mbele akainua mkono.

"Na tukipinda, mwalimu?"

Swali hilo liliniuma kuliko barua. "Mtapinda," nikasema.

Walicheka, na wazazi wao wakacheka. Yule msichana hakucheka. Alikuwa katikati ya mstari, jua linawaka, sweta yake imefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Sikumwambia avue. Jumamosi iliyofuata alikuja nayo, na iliyofuata tena, na mimi nilishikanisha mikono yangu nyuma ya mgongo na kuhesabu moja, mbili, geuka, huku mistari ikipinda na roho yangu ikipinda nayo.

Siku ya Krismasi walivaa gauni mpya nyeupe, mshono wangu mzuri kuliko yote niliyowahi kushona. Maandamano yakaanza, ngoma ikalia, nikamwona anakuja. Sweta alikuwa ameifunga kiunoni, mikono yake imening'inia mbele na kuharibu gauni kabisa. Mikono ya mwenyewe ilikuwa wazi, imeinuliwa juu. Alipofika karibu na benchi langu aliniangalia, akalipapasa lile fundo la sweta kuhakikisha bado lipo, akapita akicheza.